Bima ya nyumba imeisha na fidia hujalipwa: upokee pesa sasa, ujenge kwanza, au ulipwe kwa awamu?

Mwaka juzi, mwezi wa tatu, mama mmoja wa Mbagala aliingia ofisini kwetu amekumbatia mfuko wa nailoni. Ndani mlikuwa na hati ya bima iliyoungua pembe moja, picha kumi na mbili alizosafisha studio, na ripoti ya Zimamoto. Karatasi zile zilikuwa bado zinanuka moshi. Nyumba yake ya vyumba vinne, yenye fremu mbili za duka upande wa barabarani, ilishika moto katikati ya Januari. Bima yake ilimalizika tarehe 28 Februari. Nilipomuuliza tumsaidie nini, alifungua fundo la kanga akatoa noti zilizokunjwa.

"Nimekuja kulipia mwaka mpya, mwanangu, ili wanilipe ule moto wa Januari."

Kuna mtu alimwambia hivyo, na mtu huyo alikuwa na kitambulisho cha uwakala shingoni. Nafanya kazi ya madai kwa dalali wa bima hapa Dar es Salaam, huu ni mwaka wa tisa, na sijaona uongo unaowagharimu watu kuliko huo. Mtu akishaamini kwamba bima ikiisha na haki imeisha, anasaini chochote anachowekewa mezani. Mwingine anakubali nusu. Mwingine hafiki ofisini kabisa.

Njia za kuipata fidia baada ya bima kuisha ziko kadhaa, na huwezi kuchagua vizuri ukiwa na hofu hiyo moyoni. Kwa hiyo tuanze nayo.

Kilichoisha na ambacho hakijaisha

Bima ya mali inaangalia siku hasara ilipotokea. Kama siku hiyo mkataba ulikuwa hai na ada ilikuwa imelipwa, kampuni imeshaingia deni, na deni hilo haliondoki kwa sababu kalenda imegeuka. Mtathmini anaweza kuja baada ya bima kuisha, mabishano yakaendelea miezi, hundi ikaandikwa mwaka unaofuata. Yote hayo ni kulipa deni la siku ile.

Moto ukiwaka saa tano usiku siku ya mwisho ya bima inayoisha saa sita usiku, ukatoa taarifa asubuhi yake, huo ni moto wa bima ile. Moto wa saa moja asubuhi ya siku inayofuata si wa bima ile, hata kama umekuwa mteja wao miaka kumi na tano. Ndiyo maana nawaambia watu waisome saa ya mwisho kwenye ukurasa wa kwanza wa hati, ule wenye jina, kiasi na tarehe. Nyingi zinaandika saa sita usiku, lakini nimeshika hati zinazotaja saa kumi alasiri.

Usilichanganye hili na bima za dhamana ya kitaaluma, zile za madaktari, wahasibu na wahandisi. Nyingi kati ya hizo zinataka lalamiko lenyewe lifike wakati bima ingali hai. Huko "bima imeisha" ni jibu zito. Kwa nyumba, duka au ghala, si jibu.

Na ukiambiwa kwamba siku ya moto hukuwa na bima, usibishane kwa mdomo. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina mfumo wa mtandaoni wa kuhakiki bima. Ingiza namba ya hati yako, uchapishe kinachoonekana, uambatishe na barua yako. Pamoja na risiti ya ada, karatasi hiyo inamaliza ubishi mwingi.

Zipo saa nyingine zinazotembea kweli, nazo ndizo za kuogopa. Ya kwanza ni ya taarifa: hati za moto karibu zote zinataka utoe taarifa mara moja, kisha ulete dai la maandishi lenye orodha ya mali na thamani zake, mara nyingi ndani ya siku 15. Ya pili ni ya miezi 12. Hati nyingi za moto zina sharti linalosema kwamba baada ya miezi 12 tangu hasara, kampuni haiwajibiki tena isipokuwa dai liwe tayari mahakamani au kwa msuluhishi. Ya tatu ni ya Sheria ya Ukomo wa Mashauri, Sura ya 89, inayotoa miaka 6 kwa kesi za mkataba Tanzania Bara. Wakenya nao wana miaka 6 chini ya sheria yao ya ukomo, Sura ya 22.

Miezi 12 na miaka 6 vinagongana, na mtu anaweza kujiuliza kipi kinashinda. Sheria ya Mikataba inabatilisha makubaliano yanayofupisha muda wa mtu kudai haki yake mahakamani, na wakili anaweza kuitumia kulipinga sharti la miezi 12. Lakini kampuni nayo italeta wakili wake. Mimi huandika tarehe ya kutimia mwezi wa kumi tangu hasara kwa wino mwekundu juu ya kila faili, na faili likifika hapo bila kulipwa, naliondoa kwenye barua za kubembeleza. Kuandikiana barua na kuambiwa "tunalishughulikia" hakusimamishi saa.

Njia nne, kwa hesabu za nyumba moja

Nitatumia nyumba ya yule mama, nikizungusha tarakimu ili hesabu isomeke. Gharama ya kurudisha palipoungua, kwa vifaa vipya, ni shilingi milioni 40. Mtathmini anasema paa na milango vilikuwa vimetumika miaka, anakata uchakavu wa asilimia 25, inabaki milioni 30. Ekses, yaani sehemu ya hasara unayojibebea mwenyewe, ni milioni 1. Nyumba ilikatiwa bima kwa thamani yake halisi.

Njia ya kwanza ni kupokea milioni 29, kusaini, faili likafungwa. Ya pili ni kujenga kwanza kwa pesa zako mpaka mwisho, halafu kupeleka risiti na kudai milioni 39 kwa mkupuo. Ya tatu ni kupokea milioni 29 kama sehemu ya malipo, kujenga, kisha kudai milioni 10 zilizobaki. Ya nne ni kampuni kujenga yenyewe kwa mkandarasi wake, wewe ukapokea ufunguo.

Tofauti kati ya 29 na 39 inategemea kipengele kimoja kwenye hati: cha kurejesha mali kwa thamani ya upya. Kama hati yako inacho, una haki ya gharama ya vifaa vipya, ila kampuni hailazimiki kulipa zaidi ya thamani iliyopunguzwa uchakavu mpaka uwe umetumia pesa hizo kweli kujenga. Kama hati yako haina kipengele hicho, milioni 10 hazipo, na njia ya pili na ya tatu hazikuongezei hata shilingi. Basi kabla ya kitu chochote, tafuta ukurasa huo. Umekaa nyuma ya hati, kwenye karatasi za nyongeza zilizobanwa kwa pini, ambazo wateja wengi hawajawahi kuzifunua.

Kipengele hicho nacho kina saa yake. Maneno ya kawaida ni kwamba ujenzi uanze na uendelee bila kuzembea na ukamilike ndani ya miezi 12 tangu hasara, au ndani ya muda wa ziada ambao kampuni imeukubali kwa maandishi. Zingatia: tangu siku ya hasara. Aliyebishana miezi minane kuhusu kiasi amebakiwa na minne ya kujenga. Ukiona muda unakubana, omba nyongeza mapema, upate jibu lenye sahihi. Ahadi ya kwenye simu haina mahali pa kubandikwa.

*Pesa sasa, faili lifungwe.* Hii inamfaa asiyekusudia kujenga tena pale: anayeuza kiwanja, anayehamia mkoani, warithi wanaotaka kugawana. Inamfaa pia ambaye hati yake haina thamani ya upya na ambaye ameridhika na hesabu ya mtathmini. Ni njia ya haraka. Ubaya wake ni ile karatasi wanayoiita diskaji, hati ya kukiri kwamba umelipwa kikamilifu na kwa mwisho.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu karatasi hii ilitugusa nyumbani. Baba yangu mdogo alikuwa na nyumba Morogoro. Upepo wa masika ulinyanyua bati na mbao, kampuni ikaleta hati ya milioni 11, na bima ilikuwa imebakiza wiki moja. Kijana aliyeileta akamwambia asaini kabla haijaisha, ikiisha itakuwa shida. Baba mdogo akasaini juu ya boneti ya gari. Wiki mbili baadaye fundi alipobomoa dari ili apige kenchi mpya, akakuta ukuta wa nyuma umeachana na linta, ufa unaingiza kidole. Kazi ya ziada ikafika milioni 7. Tulipoandika barua, tulirudishiwa nakala ya sahihi yake bila neno la ziada. Ukuta ulikuwa umepasuka siku ileile ya upepo, bima ikiwa hai, na angelipwa. Iliyomnyima haki ni sahihi yake, si tarehe.

Kwa hiyo, kama unachukua njia hii, mlete fundi wako afungue dari, avunje plasta inayolia tupu, apime nondo zilizopata moto, kabla hujasaini. Zege lililokaa kwenye moto mkali linaweza kuonekana zima na lisiwe zima. Na usisaini siku hiyohiyo uliyoletewa. Hakuna sheria inayosema ofa inakufa pamoja na bima.

*Kujenga kwanza, kudai baadaye.* Faida ya njia hii ni kwamba hubishani kuhusu makadirio, kwa sababu unaleta gharama iliyotumika. Lakini inataka uwe na milioni 40 mkononi, na inakuweka mahali pa hatari: umeshajenga, ushahidi wa hasara umeshafukiwa, na kampuni bado haijakubali kwa maandishi kwamba inawajibika. Nimeona mfanyabiashara wa ghala akijenga kwa kishindo, halafu akaambiwa chanzo cha moto kinachunguzwa na mabaki hayapo. Hata mwenye uwezo namshauri asubiri barua mbili: ya kukubali uwajibikaji, na ya kukubali BOQ, yaani mchanganuo wa vifaa na kazi pamoja na bei zake. Bila barua hizo, usimwage zege.

*Kwa awamu.* Kwa mwenye kipengele cha thamani ya upya na nia ya kurudi kwenye nyumba yake, hii ndiyo ninayoitetea. Unapokea zile ambazo hakuna anayezibishia, unaanza kazi, na dai lako la tofauti linabaki wazi ingawa bima imekwisha. Mama wa Mbagala alihitaji kukopa zile milioni 10 tu. SACCOS yao, yaani chama chao cha akiba na mikopo, ilitoza asilimia 1.5 kwa mwezi. Kwa miezi sita, riba yake ni shilingi 900,000. Alitumia laki tisa kufuata milioni 10, yaani milioni 9.1 zaidi ya ambazo angeondoka nazo kwa njia ya kwanza.

Ugumu wake uko kwenye maneno. Kampuni italeta diskaji ileile ya "kikamilifu na kwa mwisho" hata kwa malipo ya awali, kwa sababu ndiyo fomu iliyopo kwenye kompyuta. Usiikatae pesa, ikatae fomu. Omba waandike "malipo ya sehemu", wataje kiasi, wataje kwamba tofauti ya thamani ya upya itadaiwa ujenzi ukikamilika. Wakisema fomu haibadilishwi, omba barua ya meneja wa madai yenye maneno hayo, ibanwe na fomu kabla ya sahihi yako. Barua yako ya kupokea nayo iseme kwamba unapokea bila kuathiri haki yako ya kudai kinachobaki. Sentensi hiyo fupi nimeiona ikiokoa mamilioni.

Ugumu wa pili ni risiti. Awamu ya mwisho inalipwa kwa ushahidi wa matumizi, na kampuni zinataka risiti za EFD, zile zinazotoka kwenye mashine ya kodi. Duka la vifaa litakupa. Fundi wa mtaani hana mashine hiyo, na ufundi unakula sehemu kubwa ya gharama. Andikiana naye mkataba wa ukurasa mmoja wenye namba yake ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, umlipe kwa simu au benki, siyo mkononi, na upige picha kila hatua: msingi, linta, kenchi, bati. Ulizia kampuni mapema kama itaukubali ushahidi huo kwa upande wa ufundi, upate jibu la maandishi. Kama haitaukubali, ni afadhali utafute mkandarasi aliyesajiliwa tangu mwanzo, hata kama bei yake inapanda kidogo.

*Kampuni ijenge yenyewe.* Hati nyingi zinaipa kampuni haki ya kuchagua kutengeneza badala ya kulipa. Ni nadra kuitumia kwa nyumba, lakini ikitokea, kwa mtu mzima asiyeweza kusimamia mafundi ni nafuu. Taka ramani, orodha ya vifaa kwa aina na unene, na muda wa kutazama kasoro baada ya kukabidhiwa, vyote kwa maandishi. Unene wa bati ni jambo la kuandikwa. Geji 28 na geji 30 ukiwa chini zinafanana, mvua ya mawe ndiyo inayozitenganisha.

Kama nyumba ilikatiwa bima kwa thamani ndogo

Hesabu za hapo juu zinabadilika hapa, na wengi hushtuka. Nyumba ya thamani ya milioni 120 iliyokatiwa bima kwa milioni 80 imekatiwa theluthi mbili tu. Hasara ya milioni 30 italipwa milioni 20, theluthi ya mwisho ni yako. Kampuni haikudhulumu hapo, ndivyo hati zinavyoandikwa, ili aliyelipa ada ya nyumba ndogo asifidiwe kama mwenye nyumba kubwa. Kwa njia ya thamani ya upya makali yanazidi, kwa kuwa kinacholinganishwa ni gharama ya kujenga upya leo. Ukikuta uko kwenye hali hii, fanya hesabu ya kila njia kabla ya kukopa. Pengine tofauti ya kufuatilia ni ndogo kiasi kwamba riba ya SACCOS inaimeza, na kupokea mara moja ndiyo busara.

Kosa ninalokutana nalo ni thamani kuhesabiwa pamoja na kiwanja. Ardhi haiungui. Thamani inayolinganishwa ni ya jengo, na nimeshayarudisha makadirio zaidi ya mara moja kwa sababu hiyo, fidia ikapanda.

Benki ikiwa kwenye hati

Kama nyumba iliwekwa rehani, hati ina jina la benki kama mpokeaji wa kwanza wa fidia. Hapo kuchagua njia si kwako peke yako. Kwa malipo ya mkupuo, benki inaweza kuzielekeza pesa zote kwenye mkopo na wewe ukabaki na magofu yasiyo na deni. Kwa malipo ya awamu, nimeona benki zikikubali kuziachia pesa kidogo kidogo kadiri ujenzi unavyopanda, maana nyumba nzima ni dhamana bora kuliko kiwanja chenye majivu. Nenda ukaongee na afisa mikopo kabla hundi haijaandikwa.

Ikiwa mkopo ulishamalizwa, ila jina la benki limebaki kwenye hati iliyoisha, hundi itatoka kwa majina mawili na hutaweza kuiingiza. Tafuta barua ya benki ya kuthibitisha kwamba haina madai tena, uipeleke kwa kampuni mapema. Barua hiyo huchukua wiki, wakati mwingine zaidi, na wewe ndiye wa kuifuatilia.

Kuendelea nao au kuhama

Watu wananiuliza kama kuhamia kampuni nyingine kutaharibu dai la zamani. Hakuharibu. Unaweza kukata bima mpya kwingine asubuhi na mchana ukaenda kudai fidia yako kule kwa zamani. Utakachotakiwa ni kusema ukweli kwenye fomu mpya panapouliza hasara za miaka iliyopita, kwa sababu kuificha kutaiua bima mpya.

Kubaki nako kuna hoja. Afisa anayekujua, na historia yako yote mahali pamoja. Ila usibaki kwa hofu, na usilipe ada mpya kwa kuambiwa ndiyo sharti la kulipwa. Nilimrudishia mama wa Mbagala noti zake. Nyumba iliyoungua na isiyokaliwa ni tatizo kwa bima yoyote mpya: hati nyingi zinaondoa kinga jengo likikaa bila mtu zaidi ya siku 30. Angelipia kinga ambayo kwa sehemu kubwa isingefanya kazi. Nilichomshauri ni kuulizia bima ya wakati wa ujenzi kwa vifaa vitakavyolala kiwanjani.

Kama ulikuwa unalipa ada kwa awamu na zimebaki, tegemea kampuni izikate kwenye fidia. Hilo ni halali. Kukukata ada ya mwaka ambao hukuuomba si halali, na ukiliona kwenye mchanganuo, lipinge kwa barua.

Wakikataa, ugonge wapi

Anza kwa barua kwa meneja wa madai, siyo kwa wakala. Taja tarehe ya hasara, namba ya hati, na uombe kukataliwa kwako kuandikwe kwa kutaja sharti lenyewe. Kukataliwa kwa mdomo mara nyingi hulegea kunapotakiwa kuandikwa.

Baada ya hapo milango ni mitatu kwa Tanzania, na haifanani. TIRA ni msimamizi wa kampuni. Inaweza kuiita kampuni ijieleze na kuisukuma, na inafaa pale ambapo kampuni imekubali deni lakini hailipi, au inapokwepa kujibu. Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009, inasikiliza ugomvi wenyewe: nani ana haki, kiasi gani. Mlalamikaji halipi ada, na huhitaji wakili. Ila lazima uwe umeanza kulalamika kwa kampuni, na kuna kikomo cha thamani ya dai, kwa hiyo ghala la mamilioni mengi linaweza lisiingie. Kwa nyumba za kawaida za Mbagala, Kimara au Tegeta, mlango huu ndio ninaowapeleka watu.

Mahakama haina kikomo, lakini ina gharama na inachukua muda. Kabla ya kufika huko, soma kama hati yako ina sharti la usuluhishi kuhusu kiasi. Nyingi zinalo: mkikubaliana kwamba deni lipo na mkabishania tarakimu tu, inabidi mwende kwanza kwa msuluhishi binafsi mtakayemlipa. Kwa ugomvi wa milioni 3, ada ya msuluhishi huyo inaweza kula karibu zote. Kwa ugomvi wa milioni 300, ni njia nzuri na ya faragha.

Wakenya wataandika kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, IRA, ambayo ina kitengo cha malalamiko, na utaratibu wa kuanza na kampuni yenyewe ni uleule.

Mama wa Mbagala hakufika mbali hivyo. Diskaji ya kwanza ilikuja na maneno ya "kwa mwisho", tukairudisha. Ya pili ikaja vilevile, tukairudisha. Ya tatu ilikuja na barua ya meneja, na mwezi wa nne akapokea milioni zake 29. Paa lilipigwa mwezi wa nane. Mwezi wa kumi alileta risiti za saruji, bati, mbao na rangi, amezipanga kwa tarehe ndani ya daftari la shule, kila moja imebandikwa kwa gundi ili wino usipauke kwa kushikwashikwa. Kulikuwa na mabishano ya wiki tatu kuhusu malipo ya fundi, tukawaonyesha taarifa za simu. Mwezi wa kumi na moja, miezi tisa baada ya bima kuisha, milioni 10 ziliingia. Siku hiyo alipita SACCOS kwanza, kisha akaja ofisini kwetu na lile daftari kuulizia bima ya nyumba mpya, na jambo la kwanza alilouliza lilikuwa kama kile kipengele cha thamani ya upya kimo ndani.